Gemu Likizingua, Usiitupe Simu

Uko geto Lugarawa, Ludewa, umemlenga mtu kwenye Free Fire, umefyatua wa kwanza, halafu unakufa wewe. Usiitupe simu. Mara nyingi ishu ni umbali. Chukua seva iliyokaa Frankfurt: kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde, so kwenda na kurudi milisekunde 70 zishaliwa. Na njia yenyewe haijanyooka, inateremka kwanza Dar ikazame baharini. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, mnakumbuka Bongo ilivyoganda.

Riot Games, wale wa League of Legends, walisanuka kitambo. Kampuni za intaneti zinapitisha data njia ya bei chee, siyo ya fasta. Duka la mtandaoni likichelewa kidogo hamna noma, ila kwenye gemu ushakula risasi. Wakajenga mtandao wao, Riot Direct, na 2015 wakahamishia Chicago seva za Amerika Kaskazini, kwa sababu wana wa mashariki walikuwa wanateseka na seva zilizokaa magharibi.

Valorant yao ya 2020 ndiyo kinoma. Seva inapiga hesabu ya mechi mara 128 kwa sekunde. Injini ya Unreal kama ilivyokuja haikuweza hiyo kasi, ikabidi wafumue baadhi ya sehemu za upande wa seva na kuziandika upya. Siyo sifa za bure: mashine moja ikibeba mechi nyingi, bili inashuka, na kucheza hakulipiwi.

Wa Ludewa mnaielewa hii ya kujijengea cha kwako kuliko mtu wa Masaki, Dar. Mawengi hapo jirani hawakukaa kusubiri nguzo za Tanesco. Wakishirikiana na Waitaliano wa shirika la ACRA, walijenga mtambo wao wa umeme wa maji wa kilowati 300, chini ya jumuiya yao ya watumiaji umeme, LUMAMA.

Ila tusidanganyane. Ukiunda gemu la bao au drafti, la zamu kwa zamu, kodi seva ya watu ulale. Kuandika ya kwako ni mkwanja na mainjinia wa kukesha. Dogo wa Makambako mwenye wazo la gemu la risasi aanze kwa kutafuta seva iliyokaa Dar. Ya kwake aiandike siku bili ya kukodi itakapoanza kumnyima usingizi.