Go-go, Sukuma Wiki na Safari za Weusi wa Marekani

Kwa zaidi ya miaka ishirini, duka moja la simu katika mtaa wa Shaw, jijini Washington, lilikuwa na desturi ya kuelekeza spika barabarani na kupiga go-go. Muziki huo hauna undugu wowote na Wagogo wa Dodoma. Ni ngoma na tumba zisizopumzika hata wimbo mmoja unapokwisha na mwingine kuanza, mtindo uliokuzwa na mwanamuziki Chuck Brown miaka ya 1970. Aprili 2019 spika zikanyamaza, baada ya mkazi wa jirani kulalamikia kelele. Vijana wakajibu kwa kuleta bendi barabarani, umati ukafurika, na baada ya siku chache spika zikarudi. Mwaka 2020 jiji likaipitisha go-go kwa sheria kuwa muziki wake rasmi.

Ugomvi wa spika? Si hivyo tu. Mwaka 1970 watu 7 kati ya kila 10 jijini humo walikuwa weusi, na wenyewe wakalipa jina la utani: Mji wa Chokoleti. Sensa ya 2020 ilikuta wamebaki kama 4 kati ya 10. Wengi wamehamia vitongoji vya Maryland, baadhi wakifuata nyumba kubwa zaidi, baadhi wakisukumwa na kodi za pango. Waliobaki Shaw walisikia katika ukimya ule wa spika kwamba sasa ni zamu yao kuondoka.

Mwaka 2020 Marekani ilikuwa na weusi wapatao milioni 46.9, ukiwajumlisha wenye asili mchanganyiko. Mtu wa mbali huwaona kama kabila moja, lakini aliyekulia Chicago na aliyekulia Brooklyn wanaweza kutofautiana kwa lafudhi, chakula na hata namna ya kucheza. Tofauti hizo zina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita juu ya reli.

Kati ya miaka ya 1910 na 1970, weusi wapatao milioni 6 waliondoka majimbo ya Kusini. Walikimbia sheria za ubaguzi, mashamba ya pamba yasiyowalipa, na makundi ya wazungu yaliyoua bila kuogopa mahakama. Njia iliyopita karibu na kijiji ndiyo iliyoamua mtu ashukie wapi. Wa Mississippi walipanda treni ya Illinois Central hadi Chicago. Wa Georgia na Carolina wakaelekea Washington, Philadelphia na New York. Wa Texas na Louisiana wakavuka jangwa kwenda California.

Kila kundi lilihama na mizigo yake. Muddy Waters alifika Chicago kutoka Mississippi mwaka 1943, akaliunganisha gitaa lake na umeme ili lisikike katika baa zenye makelele, na bluzi ya shambani ikageuka muziki wa mjini. Huko Detroit, Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, alianzisha mwaka 1959 kampuni ya muziki ya Motown. Jikoni nako kulisafiri: majani mapana ambayo Mkenya angeyaita sukuma wiki huchemshwa huko kwa saa nyingi pamoja na nyama ya nguruwe, na harufu yake humkumbusha mzee wa Chicago kwa bibi yake, Kusini.

New York, yenye weusi wengi kuliko jiji lingine lolote nchini humo, ilipokea pia watu wa visiwa vya Karibi. DJ Kool Herc, aliyewasha moto wa hip-hop katika sherehe ya Bronx mwaka 1973, ni mzaliwa wa Jamaika.

Sasa treni imegeuza kichwa. Chicago ilikuwa na weusi karibu milioni 1.2 mwaka 1980. Kufikia 2020 hawakutimia 800,000. Wajukuu wa waliokimbia Kusini wanarudi Kusini, na Atlanta ndiyo inayowavuta zaidi. Huko kuna vyuo vya weusi vya Morehouse na Spelman, na kuna urithi wa Maynard Jackson, aliyechaguliwa mwaka 1973 kuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji hilo, ambaye alishikilia kwamba kampuni za weusi zipate fungu lao katika zabuni za uwanja wa ndege.

Los Angeles ilichagua njia nyingine: ikaazima lugha yetu. Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts jijini humo, mwanaharakati Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, akiitoa katika maneno "matunda ya kwanza". Mababu wengi wa Wamarekani weusi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, si pwani yetu, lakini Kiswahili kilimfaa kwa kuwa si mali ya kabila moja. Sikukuu ina misingi saba, mmoja kwa kila siku, ukiwemo Ujamaa, neno ambalo Watanzania hawahitaji kufafanuliwa.

Basi msomaji, ukijikuta huko tarehe 26 Desemba, Kwanzaa inapoanza, na mwenyeji akakuuliza "Habari gani?", usijibu "nzuri". Jibu la siku hiyo ni "Umoja".