Mtoto Akirudi Skuli Baada ya Kuugua Akili

Mtoto akivunjika mguu hurudi skuli na magongo, na wenziwe humbebea mkoba. Akirudi baada ya kuugua akili hupokewa kwa minong'ono: "Huyu ana jini", "Huyu ni mwendawazimu". Wapo wanaoacha masomo kwa mapokezi hayo, hali maradhi yenyewe yameshatulia.

Mzazi, nenda skuli kabla ya mtoto kurudi. Kutana faraghani na mwalimu mkuu pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha. Si lazima waelezwe kila kitu. Wajue dawa anazotumia na saa zake, dalili za hali kurudi, kama kukosa usingizi au kujitenga, na nani apigiwe simu. Kwanza mwulize mtoto mwenyewe wenziwe waambiwe nini. "Alikuwa mgonjwa, sasa ana nafuu" yatosha.

Pili, asitwikwe mzigo wote siku moja. Baadhi ya dawa za akili huleta usingizi na ulegevu, na mwalimu asiyejua hudhani ni uvivu. Ikiwezekana aanze kwa nusu siku, apewe kazi zilizo muhimu, na mitihani iliyompita isubiri. Kama alikuwa bwenini, ombeni asome kutwa kwa muda, alale nyumbani penye mtu mzima wa kumsimamia dawa.

Sheria nayo iko upande wake. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumchapa mwanafunzi na kumtesa kiakili. Mwalimu anayemwita mtoto "chizi" mbele ya darasa ajue hilo.

Dua na kisomo viendelee, lakini dawa zisikatwe bila ya daktari eti kwa kuwa mtoto aonekana mzima. Mara nyingi yuko mzima kwa sababu anazimeza. Siku za kliniki zisirukwe; hapa Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha maradhi ya akili.

Akisema anataka kufa au kujidhuru, usimgombeze wala usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Tusiwafiche watoto wetu.