Nani Kala Vitumbua vya Bibi?

Paukwa! Nanyi mnaitikia: Pakawa! Haya, wapwa zangu, sogeeni. Leo mjomba ana hadithi ya wizi.

Bibi mmoja alikaanga vitumbua kumi. Akavipanga kwenye sinia, akavifunika kwa kawa, akaenda zake kisimani. Babu alikuwa barazani na gazeti lake. Kaka alikuwa uani anatwanga mchele. Dada alikuwa chumbani anafanya hesabu za shule. Na Paka Shume alikuwa amelala fofofo chini ya meza ya jikoni.

Bibi aliporudi, akafunua kawa. Akahesabu. Saba! Vitumbua vitatu havipo.

“Ni paka huyo!” Kaka akapiga kelele.

“Ni paka huyo huyo!” Dada akadakia. Bibi akanyanyua ufagio.

Paka Shume akarukia dirishani. “Tazama kwanza, sema baadaye!” akasema. “Bibi, ulipoingia, kawa ilikuwa wapi?”

“Juu ya sinia.”

“Ilikaaje?”

“Sawasawa, kama nilivyoiacha.”

“Basi niambie. Paka akitaka kula, huisukuma kawa kwa kichwa ikaanguka, akala, akaenda zake. Umewahi kumwona paka akirudisha kawa mahali pake?”

Bibi akashusha ufagio.

Wakamgeukia Kaka. Shati lake limejaa unga wa mchele, na vitumbua si vya mchele? “Tazama kwanza, sema baadaye,” akasema Paka. “Kitumbua kikishakaangwa hakina unga tena, kina mafuta. Tafuteni mafuta.” Wakamwendea Dada. Vidole vyake vina wino, lakini daftari lake ni safi, halina doa hata moja la mafuta. Wakatoka kwenda barazani.

“Babu, karibu chai na vitumbua,” akasema Bibi.

“Ahsante, leo sina njaa kabisa,” akajibu Babu.

Paka akapanda mapajani pake, akagusa gazeti kwa ukucha. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na doa, ukubwa wa kidole gumba. Dada akaliinua gazeti kwenye mwanga. Lo! Karatasi yote ilikuwa haipitishi mwanga, ila pale penye mafuta tu. Babu akacheka mpaka machozi yakamtoka, akakiri. Paka Shume akapewa kitumbua kizima, cha kwake peke yake.

Najua mna maswali. Mtoto mwenye maswali ndiye mpelelezi tayari, kwa hiyo ulizeni.

“Mjomba, Paka alikuwa jikoni. Mbona hakumwona Babu?”

Swali zuri mno! Rudi juu usome tena. Paka alikuwa amelala fofofo. Na ukirudi, tazama kitu kingine: gazeti la Babu lilikuwapo tangu mwanzo. Mjomba hakuficha kitu. Alikionyesha kitu chenyewe, akakipitia haraka haraka, wewe ukakisahau. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa hadithi za upelelezi.

Hadithi ya namna hii ni chungu kilichofunikwa. Msomaji haoni kilichomo, lakini harufu inamfikia. Ukimnyima harufu, atachoka na kuondoka. Ukifunua mapema, hamu yote imekwisha. Harufu hiyo ndiyo dalili. Kawa iliyorudishwa ni dalili. Doa la mafuta ni dalili. Babu kukosa njaa mbele ya vitumbua ni dalili pia.

“Mjomba, nikiandika yangu, nianzie wapi?”

Anzia mwisho. Ndiyo, mwisho! Kabla ya kuandika neno la kwanza, ujue nani kafanya, kafanyaje, na kwa nini. Msomaji anatoka kwenye swali kwenda kwenye jibu. Mwandishi anatoka kwenye jibu kurudi kwenye swali. Ukishajua kwamba ni Babu, ndipo unajua pa kuweka gazeti.

Kisha tafuta washukiwa watatu au wanne. Mmoja hatoshi, na kumi ni wengi. Kila mmoja awe na kitu cha kumtilia shaka. Unga wa Kaka ulikuwa wa kukupoteza njia, nawe ulipotea kidogo, kweli si kweli? Hilo linaruhusiwa. Lakini kuna jambo moja haliruhusiwi: kumleta mwizi ukurasa wa mwisho, mtu ambaye msomaji hajapata kumwona. Huko ni kumdanganya msomaji. Mchezeshe, usimdanganye.

“Mjomba, je, lazima afe mtu?”

Hata kidogo. Mwaka 1929 mwandishi wa Ujerumani, Erich Kästner, aliandika kitabu kuhusu mtoto aitwaye Emil. Emil alipanda treni kwenda Berlin, na fedha alizopewa na mama yake akazibana kwa pini ndani ya koti, zisipotee. Akasinzia. Mtu aliyekaa naye akamwibia. Watoto wa Berlin wakamsaidia kumfuata mwizi mpaka benki. Mwizi akasema fedha ni zake. Sasa Emil atathibitishaje kwamba ni zake yeye? Fikirini kwanza, wapwa zangu.

Tundu za pini! Noti zilikuwa na vitundu vidogo. Na msomaji aliiona pini mapema kabisa, kule kule kwenye treni. Hakuna aliyekufa, na hadithi imesimama.

“Na sisi Waswahili, tuna mpelelezi wetu?”

Tunaye, na ni maarufu! Anaitwa Bwana Msa. Aliyembuni ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya kuwa mwandishi wa habari, alifanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya kwa miaka kumi. Mkaguzi hufanya nini? Hutazama. Tazama kwanza, sema baadaye! Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki, ikachapwa kitabu mwaka 1960.

Bwana Msa ana rafiki, Najum. Sherlock Holmes wa Uingereza, aliyetokea hadithini mara ya kwanza mwaka 1887, naye ana rafiki, Daktari Watson. Kwa nini wapelelezi hawa wana marafiki? Kwa sababu rafiki anauliza yale yale ambayo wewe msomaji unataka kuyauliza. Mpelelezi anamjibu rafiki yake, na wewe unasikia. Kwa hiyo mpe mpelelezi wako rafiki. Anaweza kuwa binamu, jirani, hata mbuzi anayesema.

“Mjomba, hadithi fupi iwe fupi kiasi gani?”

Iwe ya kusomwa kwa kikao kimoja. Mahali pamoja, siku moja, jambo moja lililopotea. Hadithi yetu haikutoka nje ya nyumba ya Bibi, na ilikwisha kabla ya chai kupoa. Usimlete askari kutoka mjini, wala ndege, wala wezi ishirini wenye bunduki. Kalamu ya rangi iliyopotea darasani inatosha. Ufunguo wa stoo unatosha. Yai la kuku wa jirani linatosha.

Sasa zoezi. Leo jioni keti mahali pamoja nyumbani kwenu, utazame tu. Andika vitu vitano ambavyo mtu mwingine hakuviona. Kandambili gani imelika upande mmoja? Nani ana matope viatuni na mvua haikunyesha? Kikombe gani kimehama? Chagua kimoja kati ya hivyo, ujiulize: kimefikaje hapo? Hadithi yako imekwishaanza.

Ukimaliza kuandika, wasomee wenzako kwa sauti. Kabla ya ukurasa wa mwisho, simama. Waulize: “Ni nani?” Wote wakipata jibu, umewapa harufu nyingi, ongeza mshukiwa. Asipokaribia hata mmoja, umefunika mno, ongeza dalili. Kisha andika tena. Hadithi nzuri huandikwa zaidi ya mara moja.

Na ninyi wazazi na walimu, nawaomba jambo moja. Mtoto akiwaletea hadithi yake, msianze na kalamu nyekundu. Tahajia itasahihishwa kesho. Leo isomeni mpaka mwisho, halafu mwulizeni alijificha wapi mwizi na dalili ziliwekwa wapi. Mtoto anayesomwa huandika tena.