Sauti Ndani ya Pikapu: Kwa Nini Kazi Ianzie Mlangoni

Pikapu ni gari la kazi, na mtengenezaji wake hupanga gharama kwa kuifuata kazi hiyo: fedha nyingi huelekezwa kwenye fremu, injini, giaboksi na springi za nyuma, huku mfumo wa sauti ukipewa kile kinachobaki. Ndiyo maana Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1968 na ambayo leo hubeba mahindi, saruji, wahandisi na madaktari kote Tanzania na Kenya, huweza kudumu miongo mingi barabarani ilhali spika zake za kiwandani, hasa katika matoleo ya bei nafuu, ni za karatasi nyepesi na sumaku ndogo. Dereva anayeshinda ndani ya gari hilo tangu alfajiri hadi usiku, akisikiliza taarifa ya habari, mechi, mawaidha au taarabu, anastahili sauti inayosikika vizuri bila kumchosha, na jambo hilo linawezekana kwa gharama ya kiasi endapo kazi itafanywa kwa mpangilio unaofaa.

Mpangilio uliozoeleka mijini ni kuanza na redio yenye kioo kikubwa, kisha kuongeza sabufa, yaani spika kubwa ya sauti nzito, na kuacha milango kama ilivyotoka kiwandani. Mpangilio huo unakwenda kinyume na jinsi sauti inavyofanya kazi, kwa sababu katika pikapu sauti huharibikia mlangoni kabla ya kuharibikia penginepo.

Spika ni koili ya waya iliyoning'inizwa ndani ya uga wa sumaku na kuunganishwa na koni. Umeme unaotoka kwenye redio huisukuma koili mbele na nyuma, koni ikaufuata mwendo huo na kuitikisa hewa. Koni inaposukuma hewa iliyo mbele yake, wakati huohuo huivuta hewa iliyo nyuma yake, hivyo mawimbi mawili yenye mwelekeo uliopingana huzaliwa kwa pamoja, na yakikutana hufutana. Kufutana huko huathiri zaidi sauti nzito, ambazo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa hezi, ni madogo na mawimbi yake ni marefu: wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo huzunguka ukingo wa spika na kupenya kwenye tundu lolote bila shida. Mlango wa pikapu, ukivuliwa mfuniko wake wa plastiki, huonekana kuwa na bati la ndani lililojaa matundu makubwa aliyoyaacha mtengenezaji ili fundi aweze kufikia mota ya kioo na kitasa, na mara nyingi matundu hayo hufunikwa kwa karatasi ya nailoni tu. Spika ya bei ghali ikifungwa hapo itapoteza besi yake kama ile ya kiwandani ilivyoipoteza, na mwenye gari atadhani ameuziwa bidhaa bandia.

Tiba yake ni kuziba matundu hayo na kulipa uzito bati linalotetema. Kitu kinachotumika ni shiti za mpira wa butili zenye gundi upande mmoja na karatasi ya alumini upande wa pili, ambazo hubandikwa kwanza kwenye bati la nje kupitia matundu yenyewe, kisha kwenye bati la ndani hadi mlango uwe kama kasha lililofungwa. Shiti za lami huuzwa kwa bei ya chini, lakini hulainika kwenye joto na kubanduka, jambo linalozifanya zisifae kwa gari linaloegeshwa juani Dodoma au Garissa. Fundi mwangalifu huacha wazi matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango, kwa kuwa maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo hutokea hapo, na yakizibwa bati huoza kwa kutu. Spika nayo hukazwa kwenye pete ya plastiki ngumu au ya mbao isiyonyonya maji, ikiwekewa sponji pembeni ili hewa ya nyuma isivuje. Faida ya ziada ni kwamba mlango uliozibwa hivyo hupunguza pia kelele za tairi na za injini ya dizeli, kelele ambazo kwa sehemu kubwa ni za masafa ya chini na hivyo huimeza besi ya muziki gari linapokimbia.

Hatua inayofuata ni kuelewa wati, kipimo cha nguvu ya umeme ambacho wauzaji hukitumia kwa ukarimu uliopita kiasi. Redio nyingi huandikwa wati 50 mara 4, ilhali hesabu ya umeme wa gari hairuhusu kiasi hicho kiendelee kutoka. Altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwa inawaka, hutoa takriban volti 14. Redio isiyo na kifaa cha kuipandisha volti hiyo huweza kuipa spika wastani wa volti 10 hivi, na kwa spika yenye ukinzani wa omu 4 matokeo yake ni wati 25, ambazo baada ya upotevu wa ndani hubaki karibu 20. Tarakimu ya 50 ni ya kilele, yaani nguvu ya kitambo kifupi sana, wakati inayopaswa kuulizwa dukani ni ile ya kudumu. Kwa mtu asiyetaka kununua amplifaya, kifaa cha kukuza nguvu ya sauti, uchaguzi wa spika unapaswa kuzingatia wepesi wake wa kuitikia, unaoandikwa kwa desibeli: spika ya desibeli 90 hutoa kwa wati 10 sauti ileile ambayo spika ya desibeli 87 huitoa kwa wati 20. Kwa bei, spika nyepesi kuitikia ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata sauti kubwa iliyo safi.

Mahali pa twita, ile spika ndogo ya sauti kali, pana uzito wake. Sauti za masafa ya juu husafiri kwa mstari ulionyooka, na twita iliyo chini mlangoni huzibwa na goti la dereva. Ikihamishiwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, maneno ya mtangazaji husikika kwa uwazi hata sauti ikiwa ndogo. Hapo huhitajika kichujio, kisanduku kidogo kinachozigawa sauti kali kwenda kwenye twita na zilizobaki kwenda mlangoni.

Amplifaya ikihitajika, suala la sauti huwa suala la usalama. Amplifaya ya wati 300 za kudumu yenye ufanisi wa asilimia 60 huvuta wati 500 kutoka kwenye betri, sawa na ampea 36 hivi kwa volti 13.8, mkondo unaotosha kuchoma waya mwembamba na gari zima pamoja nao. Waya mnene utoke moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka hapo, kwa kuwa sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina kinga yoyote ikisuguana na bati. Waya wa shaba tupu ndio unaofaa. Madukani kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, na alumini, kwa unene uleule, hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba. Waya huo wa alumini ukikwanguliwa kwa kisu huonyesha weupe ndani. Waya wa hasi hufungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi, karibu na amplifaya yenyewe.

Redio yenyewe huweza kuja mwisho, isipokuwa pale inaposhindwa kushika stesheni. Redio za zamani za Japani zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Afrika Mashariki hutangaza kati ya 87.5 na 108, na kifaa kinachoshusha masafa hayo husaidia kwa sehemu tu, kwa kuwa upana wa megahezi 20 hauwezi kuingia wote kwa pamoja katika nafasi ya 14. Pikapu zilizotoka Thailand au Afrika Kusini hazina tatizo hilo. Anayebadilisha redio apime nafasi ya dashibodi kwanza: kipimo cha kawaida cha kimataifa ni upana wa milimita 180, lakini magari mengi ya Toyota yana nafasi ya milimita 200, na bila fremu ya kujazia redio huacha mianya pembeni.

Kuhusu sabufa, ndani ya pikapu yenye viti vya safu moja nafasi ni finyu mno kwa kasha kubwa, hivyo ile bapa ya chini ya kiti ndiyo inayofaa. Spika za mlangoni zikipunguziwa mzigo kwa kuzuia masafa yaliyo chini ya hezi 80, kazi ambayo redio nyingi za kisasa huifanya kwenye mpangilio wake, huweza kupigwa kwa sauti ya juu zaidi bila kukoroma.

Kabla ya mfuniko wa mlango kurudishwa, kila spika ijaribiwe kwa betri ndogo ya volti 1.5: chanya ikigusishwa kwenye chanya, koni husogea nje. Waya za spika moja zikiwa zimegeuzwa, milango miwili hupingana na besi hupotea hata kama kila kifaa ni kizima, kasoro ambayo wengi huitafutia dawa kwa kununua sabufa ya pili.