Pembe ya Njia Iliyopoteza Baraza

Mwenye kupita Ndia Kuu, Mombasa, akitokea Ngomeni, huona nyumba za aina mbili zikitazamana. Za kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, roshani za mbao na baraza mlangoni. Za sasa ni za saruji, ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake maduka ya milango ya chuma. Nyumba ya kale ikibomolewa penye pembe ya njia, mitaa miwili hubadilika sura kwa pamoja.

Baraza haikuwa pambo. Mgeni wa kiume aliketi pale akapewa kahawa, na sitara ya waliomo ndani ikabaki. Wazee walikaa hapo baada ya Alasiri, na mtoto atokaye chuoni alijua kuwa yapo macho yanayomlinda. Roshani nayo ilimwezesha mama kupata upepo na kuitazama njia pasi na kuonekana. Leo dirisha la ghorofa ya nne huelekea ua wa jirani, naye hulazimika kujifunika anapoanika nguo nyumbani kwake mwenyewe.

Mji wa Kale ni eneo lililowekwa chini ya hifadhi, na Makavazi ya Kitaifa yana ofisi inayoshughulikia ujenzi ndani yake. Lakini sheria pekee haitoshi, kwani mara nyingi nyumba huponzwa na mirathi isiyogawanywa. Babu hufariki, warithi huongezeka, na kila mmoja hubaki na fungu dogo. Hapana atiaye chokaa, mvua hupenya darini, kisha hutokea mnunuzi, na hakuna wa kumkatalia.

Basi familia zenye nyumba kama hizo na zishauriane mapema, wazee wangali hai. Mwenye uwezo aweza kununua mafungu ya nduguze. Au mwenye mali akaifanya wakfu, baada ya kumuuliza kadhi. Na aliyelazimika kujenga upya asisahau baraza, wala asifungue dirisha juu ya ua wa watu. Aya ya 36 ya Surat An-Nisaa imetuusia jirani wa karibu na wa mbali. Wasia huo unawahusu pia wachoraji ramani na wajenzi wetu.