Bangi Chumbani: Yaliyoonekana Kanada

Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Kanada inamruhusu mtu mzima kutumia bangi, na kila kaya inaweza kuotesha miche isiyozidi minne. Mkoa wa Quebec ulikataa uoteshaji wa nyumbani, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mkoa una haki ya kuukataza. Hapa Tanzania kuotesha bangi ni kosa la jinai, iwe shambani au chumbani. Lakini wengi tuna watoto na ndugu huko ng'ambo, wengine wamepanga vyumba katika nyumba zenye miche hiyo. Basi tutazame afya ya wanaolala humo.

Adui wa kwanza si moshi, ni maji. Mmea hunywa maji mengi kwa mizizi, na karibu yote huyatoa tena hewani kupitia majani. Shambani upepo huyachukua. Nyumba za Kanada zimezibwa barabara kwa sababu ya baridi, hivyo mvuke hutua kwenye vioo na kuta, na baada ya muda ukungu mweusi huota nyuma ya kabati na chini ya zulia. Mwenye nyumba naye huogopa majirani wasisikie harufu, akafunga madirisha, unyevu ukazidi. Vumbi la ukungu huo huamsha pumu, huleta kikohozi na mafua yasiyokwisha. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imepungua, aina fulani za ukungu huweza kushambulia mapafu. Wakati wa kukausha majani ndani hali huwa ileile.

Halafu kuna umeme. Mche wa ndani huwashiwa taa kama saa 18 kwa siku unapokua, na saa 12 unapotoa maua. Taa za zamani za kazi hiyo ni za wati 600 hadi 1,000, moto wake unaunguza mkono. Ukiunganisha taa, feni na pampu kwenye waya mmoja wa kurefushia, karibu na ndoo za maji, unatafuta moto. Taa mpya hazina joto kali namna hiyo, ila maji na waya ni vilevile.

Wako pia wanaochoma gesi chumbani ili mimea ipate hewa ya kuikuza. Gesi isipoungua vizuri hutoa sumu ileile ya jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa, ambayo haina harufu na huua watu usingizini. Sisi tunaijua.

Watoto ndio waliolipa zaidi. Mtoto akitafuna jani bichi kwa kawaida halewi sana, kwani joto ndilo linaloigeuza kemikali iliyomo kuwa kilevi. Hatari iko jikoni: mavuno yakipikwa na siagi, yakatiwa kwenye biskuti au keki, mtoto ataona biskuti tu. Katika mkoa wa Ontario, watoto wadogo waliofikishwa hospitali kwa sumu ya bangi waliongezeka sana baada ya sheria hiyo, hasa vyakula vyenye bangi vilipoanza kuuzwa.

Dalili huchelewa, pengine saa moja au mbili: mtoto husinzia kupita kiasi, huyumba, macho huwa mekundu, moyo huenda mbio. Akizidiwa hupumua polepole au huzimia. Usimtapishe, wala usimwache alale ukidhani itapita. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na mabaki ya alichokula, na mwambie daktari ukweli wote. Wazazi wengine huficha kwa aibu, daktari akabaki kutafuta malaria au homa ya uti wa mgongo, na mtoto akachomwa sindano ya mgongoni isiyohitajika.