"Paper" si Karatasi Tu

Miaka ya nyuma nilisoma hewani kwamba profesa mmoja "ametoa karatasi" kuhusu mahindi. Msikilizaji wa Mgololo, Mufindi, penye kiwanda cha karatasi zitokanazo na misindano, akaniandikia: "Ametoa karatasi ya kiwanda gani?"

Nilistahili. Neno la Kiingereza "paper", ambalo asili yake ni mafunjo ya Misri, lina maana nyingi, na kila moja ina neno lake: karatasi yenyewe, gazeti, mtihani, au mada ya semina. Likiwa katika wingi, "papers", huwa hati au vyeti. Profesa wangu alitoa mada.

Mimi nilichekwa tu. Kijana anayeambiwa alete "papers" kazini akafika na magazeti, hukosa ajira. Tutafsiri maana, tusitafsiri neno.